Aliyekodisha Kivuli

Hakuna aliyeozwa wala kuzikwa mtaani kwetu bila kivuli chake, lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akikaa kivulini. Alikuwa akija asubuhi na mkokoteni, anasimamisha tenti pamoja na vijana wake, anapanga viti vya plastiki, halafu anakwenda zake kando na kuketi juu ya kreti ya soda, juani, jua la Voi lile lisilo na adabu. Hapo anakaa mpaka shughuli iishe. Ukimwita, "Mama, njoo ukae na wenzako," anakujibu, "Hiyo ni ya wageni," na kuivuta leso mbele kidogo kukinga macho.

Tulimwita Mama Tenti. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, siku ya mchango wa paa, na hata yeye alichelewa kuitika. Nyumba yake inatazamana na yetu hapa Mwakingali, njia ya vumbi ikiwa katikati. Nikipika, dirisha la jikoni lilinionyesha milingoti yake ya chuma imeegemezwa ukutani, na turubai alizoanika juu ya ua wa minyaa ili zikauke umande. Sikumbuki siku ambayo hapakuwa na turubai uani kwake. Macho yangu yalizizoea hata yakaacha kuziona.

Huku kwetu neno tenti lina uzito wake. Harusi hutangazwa mapema, kadi zikachapishwa, kamati ikakaa, watu wakachoka kuchangishwa kabla siku haijafika, kwa hiyo tenti ya harusi haimshtui mtu. Lakini ukisikia tu kwamba kwa fulani wanapiga tenti, bila habari nyingine yoyote, unazima jiko, unajifunga leso kiunoni na kuuliza, "Ni nani?" Mama Tenti alizijua nguvu za neno hilo na alilichunga. Akipitisha mkokoteni mbele ya nyumba yenye mgonjwa, milingoti aliifunika kwa magunia. "Tenti haitangulii maiti," alisema, na vijana wake walijua kwamba hapo hata mluzi haupigwi.

Alisema ana tenti mbili kubwa. Moja, kwa maneno yake, ilikuwa ya furaha, na nyingine ya majonzi. Ya furaha ilizungushiwa marinda ya rangi ya waridi. Watu walinong'ona kwamba tenti ni ile ile, akivua marinda inakuwa ya matanga, na yeye alilikana neno hilo kwa ukali, akiita shahidi hadi mchungaji. Mimi jirani yake nilijua ukweli. Nilimwona Jumapili baada ya harusi ameketi na wembe akifumua nyuzi, na Jumanne nikaikuta turubai ile ile kwenye matanga ya mzee mmoja wa reli, ina doa la keki pembeni. Nilimtania. Hakucheka. "Na wewe lile gauni jeupe ulilosimamia nalo harusi ya dada yako," akaniambia, "si ulilivaa kumzika baba yako? Ulitoa ua la kifuani tu. Kitambaa hakina habari, Mama Baraka. Habari wanayo watu walio chini yake."

Na ni kweli nililivaa.

Mdomo wake ulikuwa mkali hivyo siku zote. Wenye haya aliwacheka waziwazi. Bwana harusi akitetemeka, anamwambia mbele ya wakwe, "Simama wima, mlingoti wangu wenyewe hautetemeki hivyo." Mjane akijificha chumbani kwa sababu hana kiatu kizuri cha kutokea, anamfuata huko huko na kumtoa kwa mkono. "Aibu ni njaa ya macho ya watu," alikuwa akisema. "Wakishashiba wanaondoka." Ukimsikiliza ungedhani hajawahi kuona aibu maishani.

Lakini niliishi mbele ya mlango wake. Kuna harusi alipiga tenti Maungu, karibu mno na barabara kuu, kwa sababu mama wa bibi harusi alitaka wapita njia wote waone marinda. Lori refu la Mombasa likapita kwa kasi, upepo wake ukaingia chini ya turubai, na tenti nzima ikanyanyuka na kumshukia bibi harusi, keki na mchungaji. Hakuna aliyeumia. Watu wa Maungu walicheka mpaka wakalia, na bibi harusi mwenyewe alicheka. Mama Tenti alirudi nyumbani, akafunga mlango, na siku nyingi tukamwona kwa ufa wa dirisha tu. Chumvi alimtuma mtoto wa jirani. Kanisani hakuja. Nilimpelekea mboga, akaipokea bila kufungua mlango wote, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Huko sokoni bado wanasema?" Nilimwambia wamesahau, na nilidanganya. Basi huyo ndiye aliyekuwa akituambia sisi tusione haya.

Sasa niingie kwangu, kwa sababu simjui mtu huyu vizuri ila kupitia ile tenti yangu ndogo.

Sisi ni watu wa mshahara, mume wangu reli na mimi karani, mshahara unaofika tarehe na kuondoka siku hiyo hiyo. Watoto wetu wamekulia mlangoni pa mbuga. Magari ya watalii yanapita hapa yamefungwa magodoro na mahema juu, nao wanayapungia mikono. Siku moja ya wazazi shuleni mwalimu alinishika mkono kwa furaha. "Hongera, Mama Baraka, naona likizo mlitembea." Kumbe binti yangu mkubwa alikuwa ameandika insha kuhusu hoteli tuliyolala ndani ya mbuga, na bwawa la kuogelea, na baba yake akiagiza samaki kwa Kiingereza. Ilisomwa mbele ya darasa. Nilisema asante. Sikumkanusha mtoto wangu, na sikumtazama usoni njia nzima ya kurudi.

Usiku huo tukakubaliana na mume wangu kwamba tutakwenda mahali, popote, kwa kadiri tulivyo. Mwenzake wa kazini alikuwa na shamba la ndizi Mahoo, kule Taveta, akasema tuna ruhusa ya kulala shambani siku tutakazo. Gari aina ya Probox tungeazimwa na shemeji. Kilichobaki kilikuwa tenti ya familia, na bei yake isituvunje.

Nilianza kuitafuta kimyakimya, kwa sababu nilijua watakachosema. Mtu analipa kodi ya nyumba, ana paa la bati, halafu anakwenda kulala nje kama mchunga ng'ombe. Niliuliza dukani, nikaonyeshwa moja mpya, nyepesi kama karatasi ya keki, imeandikwa ya watu wanne. Niliwauliza vijana wanaotembeza watalii kama wanakodisha, wakanitajia bei ambayo nisingeweza kuirudia mbele ya mume wangu. Mwishowe nikasikia kwamba kule sokoni, kwenye mitumba, kuna kijana amefungua belo la nguo akakuta mahema ya Wazungu. Nilipotoka na kikapu, Mama Tenti alikuwa langoni kwake.

"Unakwenda kununua tenti," akasema. Sijui alijuaje. "Na hukuniambia. Mtu ana hospitali mlangoni, akanunue dawa barabarani?"

Akanifuata. Huwezi kumkataza mtu kama huyo kukufuata.

Kijana wa mitumba alikuwa mcheshi, ana kofia imegeuzwa nyuma. Akatoa mfuko mrefu mwembamba, akauvuta kamba, na ndani yake ikatoka tenti ya kijani, ikafura pale chini mpaka ikafunika viatu vya jirani yake. Mama Tenti aliinama akainusa. Akaisugua kwa kucha. Akapindua upande wa ndani na kusimama ghafla.

"Hii ina sakafu."

"Ndiyo, mathe. Imeshonwa pamoja. Nyoka haingii."

"Tenti gani ina sakafu? Jeneza litawekwa wapi?"

"Mathe, hii ni ya camping, si ya matanga."

"Kwani huko camping watu hawafi?"

Watu walianza kusogea. Kijana akaonyesha kibandiko, akasema ni ya watu sita. Mama Tenti akamwuliza sita wa wapi, na kabla hajajibu akanigeukia. "Lala."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Lala chini, Mama Baraka. Tenti ya kulala hupimwa kwa kulalwa. Utaiamini karatasi?"

Ningekataa. Mpaka leo sijui kwa nini sikukataa. Nilivua kandambili, nikalala chali juu ya tenti katikati ya soko la Voi, sketi nimeishikilia kwa mikono miwili, na Mama Tenti akatembea kunizunguka akipima kwa hatua mahali pa mume wangu, mahali pa watoto, mahali pa mizigo. "Hawa watatoa miguu nje," alikuwa akisema. "Hapana, wakilala hivi wanaenea." Nikiwa hapo chini nikaona viatu vyeusi vinavyong'aa vimesimama karibu na kichwa changu. Alikuwa bosi wangu wa ofisini. "Mama Baraka," akasema, "kwema?" Nikamjibu kwema, nikiwa nimelala. Uso ulinichoma mpaka masikio, na bado unanichoma nikiandika.

Mama Tenti akamwaga maji ya chupa juu ya mishono, hayakupita. Fito za tenti zilikuwa nyembamba, za kukunjika, zenye uzi ndani. Hakuzipenda kabisa, aliziita mifupa ya samaki, na moja ilipoonekana ina ufa aliufunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu aliouchomoa mfukoni mwake. Vigingi vilikuwa vidogo kama misumari ya viatu. Alipinga kila kitu, halafu akaniambia, "Chukua. Hutapata nzuri kuliko hii kwa bei yako." Nikainunua. Tatizo likawa mfuko. Kijana aliikunja tenti akaikunja tena, haikuingia. Mama Tenti alijaribu, akaipigia magoti, akaitukana, haikuingia. Tulirudi nayo nyumbani tumeikumbatia kama mgonjwa, mfuko mtupu ukining'inia mkononi kwangu.

"Ijaribu nyumbani kwanza," akaniagiza tulipoachana. "Tenti hujaribiwa kabla ya wageni."

Nilimtii, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Lazima niseme kwamba wakati huo tulikuwa na mama mkwe nyumbani. Mume wangu ni mtu wa magharibi, na mama yake alikuwa ameletwa atibiwe kifua. Watoto humwita Kukhu, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Alikuwa mgonjwa kweli. Siku nyingi hakutoka chumbani, na mtaa mzima ulikuwa ukiniuliza, "Mama ameamkaje?" kwa ile sauti ambayo watu huitumia wakishakata tamaa.

Jumamosi hiyo mume wangu alikuwa zamu, na Mama Tenti alikwenda Mwatate na pikapu kupiga tenti huko. Nilitandaza ile ya kijani uani, watoto wakiruka kwa furaha. Vigingi havikuingia ardhini. Nikamwita jirani juu ya ua, Mama Zawadi, mwanamke mwema aliye mwepesi wa machozi.

"Mama Zawadi, niazime nyundo. Tunapiga tenti."

Alinitazama. Mwiko ulikuwa mkononi mwake, akauweka chini polepole.

"Pole, Mama Baraka. Pole sana."

Nikadhani ananipa pole ya kazi, jua lilikuwa kali na jasho lilikuwa linanitiririka. "Asante," nikamwambia, "nimeshapoa." Nikacheka hata kidogo. Akaniletea nyundo, akaniminya mkono, akaondoka haraka. Kwangu ilikuwa ni nyumba ya kuchezea tu. Neno lenyewe sikulisikia lilipotoka kinywani mwangu.

Tulikuwa ndani ya tenti, mimi na watoto, tukisukuma fito zikae, tukicheka, niliposikia wimbo. Ni ule wimbo wanaouanza akina mama wa kanisa wakiwa bado langoni, taratibu, ili wenye nyumba wapate nafasi ya kulia. Nikatoka kwa magoti, maana mlango wa tenti ile ni wa chini. Cha kwanza nilichoona ni miguu, halafu leso zilizofungwa viunoni, halafu mkeka ambao tayari ulikuwa na pakiti za sukari, unga na majani ya chai. Mama Zawadi alikuwa mbele, analia. Nami nilikuwa chini kwa mikono na magoti, nina tabasamu ambalo lilikataa kuondoka upesi.

Kabla sijapata neno, mlango wa nyumba ukafunguka. Kukhu akatoka na mkongojo wake, shuka begani.

"Naskia mnaimba," akasema. "Nani ametuacha?"

Wimbo ulikatika. Akawatazama, akautazama mkeka, akaitazama ile tenti, na mwisho akanitazama mimi.

"Mimi bado niko," akasema.

Kama ardhi ya Voi ingekuwa laini kidogo ningeomba inifunike. Mkaza mwana aliyepiga tenti mama mkwe akiwa bado anapumua. Niliona maneno hayo kwenye uso wa kila mwanamke pale, na niliona watakavyoyabeba mpaka sokoni.

Wakati huo pikapu ikasimama nje. Mama Tenti alikuwa ameona umati mbele ya nyumba yangu na turubai isiyo yake, akateremka kabla gari halijasimama vizuri. Alikuwa analia na amekasirika kwa pamoja. "Mama Baraka, nimekukosea nini? Jirani yako wa mlango kwa mlango, unachukua tenti ya mtu mwingine?" Halafu akaiona ile ya kijani, na mama mkwe mlangoni, na sukari juu ya mkeka. Nilimwona akielewa. Akashika mdomo. Kwa muda mfupi alikuwa na ule uso wa baada ya Maungu, na nilijua anajisemea kwamba ni yeye aliyeniambia nijaribu nyumbani.

Kisha akaifuta aibu yake kwa ncha ya leso, akainama akaokota pakiti ya sukari.

"Sasa nani ameweka maji jikoni?" akauliza kwa sauti. "Watu wametoka makwao kuja kumjulia hali mama, hata chai hakuna?" Akamwendea Kukhu, akampa mkono kwa kuinama. "Shikamoo, mama. Tulisikia hukulala vizuri, tukasema tuje tukuone."

Mmoja baada ya mwingine akina mama wakapanga foleni kumwamkia. Mama Tenti alisimama kando ya mlango, na kila aliyepita alimfungua leso kiunoni kwa mkono mmoja na kumrushia begani, upesi, kama alivyofumua marinda. Walipomaliza hapakuwa na matanga tena. Palikuwa na wageni wa mgonjwa, wanakunywa chai tamu kupita kiasi.

Kukhu hakudanganyika. Mume wangu aliporudi alimwambia mbele yangu, "Baba, leo nimeimbiwa ya kunisindikiza, na ugali bado nameza." Kwa majuma kadhaa uji wake niliwatuma watoto. Sokoni kuna aliyeniuliza, "Kumbe bado?" na wenzake wakageuza nyuso wacheke. Mama Tenti alikuwa akiniambia wakishashiba macho wataondoka. Sikumwamini, kwa sababu alikuwa akiniambia hivyo bila kunitazama.

Aliyeniokoa ni Kukhu mwenyewe. Siku moja aliniuliza, "Hiyo nyumba ya kitambaa mnaipeleka wapi?"

"Mahoo, mama. Huko Taveta."

"Nitakwenda. Nikibaki hapa wataniimbia tena."

Alisema bila kucheka, na mimi nikaangua kicheko na machozi pamoja, na kutoka siku hiyo tukapatana.

Asubuhi ya safari Mama Tenti alikuja mapema. Alikagua kamba, akaikaza mizigo juu ya gari, akanipa kipande cha tyubu cha akiba. Alizunguka gari. Halafu akamwuliza mume wangu, "Hii inaingia watu wangapi?"

"Imejaa, Mama," akamjibu akicheka. "Hata mimi mwenyewe nakaa nusu."

"Nauliza tu."

Tulipokuwa tukipita Mwatate watoto wakiimba, ndipo picha yake ikanirudia sawasawa. Miaka yote nilimjua kwa kandambili. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa raba nyeupe, zimefungwa kamba vizuri, na begani alikuwa na kijibegi. Nilikuwa nimeviona vyote viwili. Sikumwambia mume wangu kitu. Huko Mahoo Kukhu alilala ndani ya tenti na wajukuu, kati ya migomba, na mimi na mume wangu tukalala kwenye viti vya gari tukiwa tumejikunja. Kukhu alisema hajalala hivyo tangu ujana wake. Sasa amerudi kwao magharibi, anapumua vizuri, na kila akipiga simu anaiulizia nyumba yake ya kitambaa.

Baada ya hapo mambo ya Mama Tenti yalikwenda yakipungua. Walikuja vijana wenye tenti nyeupe zenye vilele, na taa, na spika kubwa, na maua ya plastiki kwenye kila mlingoti. Magoti yake yakaanza kukataa. Vijana wake wakahamia kwa wenye spika. Turubai ya marinda aliiuza kwa kikundi cha akina mama wa Wusi, na siku walipokuja kuichukua aliwafumulia nyuzi yeye mwenyewe, akabaki na marinda. Ua wa minyaa ukabaki mtupu. Kwenye matanga sasa alikuja kama mtu mwingine yeyote, lakini bado alibeba kreti yake na kukaa juani, na wale wasiomjua walidhani ni mama fulani aliyekosa kiti.

Mwaka huu alikuja dirishani kwangu nikiosha vyombo. "Niazime ile tenti yako ya kijani. Nataka kuona ilivyoshonwa."

Nikampa. Nikataka kumpa na mfuko. "Huo baki nao," akasema. "Hauingii, unajua mwenyewe."

Likizo ikakaribia, mume wangu akapata ruhusa, watoto wakaanza kuulizia. Asubuhi moja ya Alhamisi nikachukua mfuko ule mrefu, nikavuka njia kuifuata tenti yetu. Tenti nilikuwa nimeiona. Tangu Jumatatu ilikuwa imesimama uani kwake, wima, kijani, mbele kabisa ya dirisha langu, na kila nilipoiona nilijiambia ameianika.

Lango lilikuwa wazi. Alikuwa ndani ya tenti, amenyoosha miguu, mlango wake ameugeuza ukatazama njia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kivulini. Mbele yake kulikuwa na mkeka, chupa ya chai, na vikombe vyake vya shughuli, vile vya bati, vimepangwa kwa safu, vyote vikavu.

"Karibu," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

"Unaijaribu, Mama?"

"Naijaribu." Alikuwa akitabasamu. "Wewe uliipiga asubuhi, hata jua halijafika utosini, ua umejaa watu. Mimi ni tangu Jumatatu."

Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Halafu nikavitazama tena vile vikombe.

"Mama, kwako watu wamezoea turubai. Wanaona, wanasema ameanika."

"Ndivyo nilivyojiambia Jumatatu," akasema. Akakigeuza kikombe kimoja, mkono wake ulingane na wa mwenzake. "Na huo mfuko?"

Nilikuwa nimeushika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Nikauangalia kana kwamba mtu mwingine kanibebesha.

"Naenda sokoni," nikamwambia. "Nimepita kukusalimia."

Mfuko ule hauwezi kubeba nyanya wala sukuma wiki, ni mrefu na mwembamba kama soksi. Yeye mwenyewe aliupigia magoti. Aliutazama vya kutosha, kisha akanihurumia.

"Basi nenda. Ukirudi, upite."

Nilikwenda sokoni kweli. Niliona aibu ya aina ambayo haina mtazamaji, na hiyo haishibi. Nikanunua sukari, nikanunua unga, nikanunua majani ya chai, nikavitia kwenye mfuko wa tenti, na nilipokuwa nikivitia ndipo nikaona nimenunua nini. Kila mtu wa huku anajua vitu hivyo vitatu vikiwa pamoja vinapelekwa wapi. Sikuweza kuvirudisha.

Niliporudi alikuwa ameshaishusha tenti. Ilikuwa imekunjwa ndogo, imefungwa kwa ukanda wa tyubu, imewekwa juu ya kreti. Yeye alikuwa amesimama kando yake, juani. Vikombe havikuwapo.

Akaupokea mfuko, akachungulia ndani. Akatoa sukari, akaipima kiganjani.

"Hii ni ya nini?"

"Ya chai, Mama."

Hakunibishia. Aliingia ndani navyo vyote, nikasikia stuli ikiburutwa na kitu kikiwekwa juu ya kabati. Akatoka akijipangusa mikono, akanirudishia mfuko wangu mtupu.

"Nimeviweka juu, upande wa dirisha," akaniambia. "Siku hiyo msihangaike kutafuta sukari."

Nilitaka kumwambia gari lina nafasi. Nilitaka kumwuliza zile raba ziko wapi. Nikabeba tenti kwa mikono miwili, nikamwambia nitarudi jioni, na akaniitikia kwa kichwa kama mtu anayemwitikia mgeni wa kila siku. Katikati ya njia nilikutana na Mama Zawadi anatoka kuteka maji. Akaniona nimekumbatia mzigo, jasho linanitoka.

"Pole, Mama Baraka," akasema.

Alikuwa ananipa pole ya mzigo. Nikamjibu asante, na ile "nimeshapoa" ikakataa kunitoka.